Jembe la Babu na Maua ya Bujora: Somo kwa Vijana Kuhusu Sikukuu, Ngoma na Imani

Tumsifu Yesu Kristo!

Somo la leo nimekaa nalo muda mrefu kabla ya kuliandika, kwa sababu linanigusa nyumbani kabisa. Linahusu sikukuu, ngoma, na jembe moja la zamani lililokaa chini ya kitanda cha babu yangu kwa miaka mingi bila kulima. Na ndani yake kuna swali ambalo wengi wetu tunalikwepa: ukiwa Mkatoliki kweli kweli, je, ni lazima uyaonee aibu mambo ya kwenu?

Chukua Biblia yako. Kama unasoma kwenye simu, zima zile meseji kidogo. Tuanze.

Neno la kutuongoza: Yos 4:1-7

Waisraeli wamevuka Yordani. Mungu anawaagiza wachukue mawe 12 kutoka katikati ya mto na kuyaweka mahali pa kulala usiku ule. Ya nini? Ili siku moja watoto wao wakiyaona wawaulize wazazi, "Haya mawe maana yake nini?", na wazazi wapate nafasi ya kuwasimulia.

Angalia vizuri hapo. Mungu anataka watoto waulize, na anataka awepo mtu mzima wa kuwajibu. Jambo la imani linahifadhiwa kwa kitu kinachoonekana, kwa swali na kwa simulizi. Sasa jiulize: kwenu mawe yapo? Na wewe umeshawahi kuuliza?

Mimi nilikuwa sijauliza.

1. Sikukuu yetu ya somo: Misa, pilau, spika

Kwetu ni Nassa, wilaya ya Busega, mkoa wa Simiyu. Zamani tulikuwa wilaya ya Magu, mkoa wa Mwanza, mpaka mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012. Ni kando ya barabara ya Mwanza kwenda Musoma. Upande mmoja una ziwa na dagaa, upande mwingine mashamba ya pamba.

Kikundi chetu cha vijana kigangoni somo wake ni Mt. Karoli Lwanga, na kila tarehe 3 Juni tunasherehekea. Niseme ukweli jinsi tulivyokuwa tunasherehekea: Misa, pilau, soda, halafu spika kubwa mpaka usiku. Kesho yake tunaosha masufuria, basi. Ukituuliza Karoli Lwanga alikuwa nani, tungejibu "shahidi wa Uganda", halafu tunaanza kutazamana.

Mwaka jana mlezi wetu alituuliza swali moja kwenye kikao: "Hivi, mkiondoa pilau na spika, inabaki nini?" Kimya. Ndipo akasema tuchange nauli, twende Bujora kwenye Bulabo, tukaone sikukuu yenye mizizi inavyokuwa. Tulichuma pamba kwenye mashamba ya watu, tukapata nauli.

Kabla sijaondoka nilikwenda kumuaga babu. Nilipotaja Bulabo akaacha kutafuna michembe yake. Akaniuliza, "Ngoma bado zinachezwa pale?" Nikamjibu zinachezwa. Hakusema kitu kingine.

Lazima nieleze kwa nini ukimya ule ulinitisha. Babu yangu alibatizwa akiwa mtu mzima, mwenye mke na watoto. Nyumbani ilikuwa inasemwa, tena kwa sauti ya chini, kwamba zamani babu "alikuwa mtu wa ngoma". Hakuna aliyeeleza zaidi. Mimi kwa utoto wangu nilielewa neno moja tu: mchawi. Nilikua nikimpenda babu na kumwogopa kwa wakati mmoja. Na lile jembe chini ya kitanda, lenye mpini laini uliong'aa, niliambiwa tu nisiliguse.

2. Bujora: siku ya maua

Bujora iko Kisesa, kilomita kama 20 kabla ya kufika Mwanza mjini ukitokea kwetu. Tulipanda Kosta alfajiri, tukapita Magu, tukavuka mto Simiyu, tukashuka Kisesa na kupanda kilima kwa miguu kwenye njia ya vumbi.

Bulabo kwa Kisukuma ni maua. Sikukuu imepata jina hilo kutokana na maua yanayotandazwa mbele ya Ekaristi Takatifu katika maandamano ya Sherehe ya Mwili na Damu ya Kristo. Sherehe hiyo si ya kwetu peke yetu, ni ya Kanisa zima. Ilianza Ulaya, kwenye nchi ambayo leo ni Ubelgiji, kwa msukumo wa mtawa Mt. Juliana wa Liège, na mwaka 1264 Papa Urbano IV akaamuru iadhimishwe na Kanisa lote. Mt. Tomaso wa Akwino ndiye aliyeandaa sala na tenzi zake. Fikiria safari hiyo: ombi la mtawa mmoja wa karne ya 13 limefika mpaka Usukumani, na Wasukuma wamelipa jina la kwao.

Kanisa la Bujora ni la duara. Lilijengwa mwaka 1958 na Padre David Clement, mmisionari wa Shirika la Wamisionari wa Afrika kutoka Quebec, Kanada. Wasukuma walimwita Fumbuka. Ukiingia ndani unaona mapambo ya Kisukuma kila upande. Pale kuna ngoma za kitemi, zile zilizokuwa za watawala wetu, na mpaka leo zinapigwa kwenye sikukuu za Kanisa.

Sikujiandaa kwa sauti ile. Si sauti ya spika. Inakuingia kifuani kabla haijafika masikioni. Watoto walikuwa mbele wanatupa maua, padre amebeba Ekaristi, ngoma zinanguruma, na akina mama wanapiga vigelegele. Nikawaza: hizi zilikuwa zinapigwa kwa ajili ya mtemi. Leo zinapigwa kwa ajili ya Mfalme. Hakuna aliyezichoma, zimepewa kazi kubwa zaidi.

Nikajikuta nalia, na sijui hasa nilikuwa namlilia nani.

3. Mawe 12 ya Usukumani

Baada ya Misa tuliingia Makumbusho ya Wasukuma, hapo hapo Bujora. Padre Clement ndiye aliyeyaanzisha. Jengo la vifaa vya watemi limejengwa kwa umbo la kiti cha mtemi, na ndani yake zimehifadhiwa ngoma za kitemi. Kuna nyumba za asili, kuna makazi ya mganga, kuna vifaa vya kazi za zamani.

Kilichotushika zaidi vijana ni pipa kubwa linalozungushwa, lenye namna mbalimbali za kuhesabu moja mpaka kumi kwa Kisukuma. Kila kundi la rika lilikuwa na namba zake, wapate kuongea wenyewe kwa wenyewe bila makundi mengine kuelewa. Aisee, tulicheka! Kumbe vijana kuwa na lugha yao ya siri si jambo la juzi. Mababu zetu nao walikuwa vijana.

Halafu nikawaza jambo lingine. Mwaka 1963 serikali iliondoa utawala wa watemi. Utawala ukiondoka, vitu vyake huwa vinaenda wapi? Vinauzwa, vinaliwa na mchwa, vinakuwa kuni. Hapa mtu wa mbali, tena padre, aliona kwamba vitu vya watu hawa vina thamani, akavitunza pamoja na Wasukuma wenyewe. Nami niliyezaliwa Usukumani sikuwa najua kuhesabu mpaka kumi kwa Kisukuma hata kwa namna moja.

Yale ndiyo mawe ya Yoshua. Yalikuwepo siku zote, kwa nauli ya Kosta tu. Aliyekosekana ni mtoto wa kuuliza.

4. Uwanjani: pale palipo na ugumu

Sasa tusije tukadanganyana kwamba kila kitu cha mila ni kitakatifu. Nilichokiona uwanjani kilinifurahisha, kisha kikanichanganya.

Ngoma za Kisukuma zina vyama viwili vikubwa vinavyoshindana: Bagika na Bagalu. Masimulizi yanasema vilianzia kwa waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, waliokuwa wanashindana kwa nguvu za dawa zao. Mashindano yanafanyika hivi: makundi mawili yanacheza wakati mmoja, uwanja mmoja, na anayevuta watu wengi zaidi ndiye mshindi. Hapo utaona bugobogobo, ngoma ya wakulima, majembe yanarushwa juu na kudakwa kama vile ni mepesi. Utaona bayeye wakicheza na nyoka, umati unarudi nyuma wote kwa pamoja, mimi nikiwa wa kwanza kukimbia.

Lakini kwa desturi wachezaji wanapakwa au kupewa dawa kabla ya kuingia uwanjani. Nyingine ni za kuwakinga wasidhurike. Nyingine ni za kuvuta watu na kumshinda mwenzako. Na ukiamini kwamba dawa yako inaweza kumshinda mwenzako, huna budi kuamini kwamba na yake inaweza kukudhuru wewe.

Rafiki yangu mmoja wa kikundini akaninong'oneza, "Sasa hapa tupo kwenye sikukuu ya Ekaristi au tupo wapi?" Ni swali halali, na ni lazima tulijibu. Majibu ya haraka yapo mawili, na yote mabaya. La kwanza: "Ni ushetani wote, chomeni." La pili: "Ni utamaduni tu, acheni kuhukumu." Hebu tuone Maandiko na Kanisa wanatupeleka wapi.

5. Maandiko na Kanisa wanasemaje?

*Daudi na Mikali (2 Sam 6:12-23).* Daudi anacheza kwa nguvu zake zote mbele ya Sanduku la Agano. Mikali anamtazama kupitia dirishani na kumdharau moyoni. Anaona mfalme amejishusha. Daudi anajibu kwamba alicheza mbele za Bwana. Kwa hiyo kucheza kwa mwili, kwa ngoma, kwa jasho, kunaweza kuwa sala. Swali ni unacheza mbele ya nani.

*Paulo pale Athene (Mdo 17:16-34).* Paulo anachukizwa na sanamu, hilo Maandiko hayalifichi. Lakini aliposimama Areopago hakuanza kwa matusi. Alikuwa amepita mtaani akitazama vizuri, akaona madhabahu ya mungu asiyejulikana, na akaanzia hapo. Alisoma mji kabla ya kuuhubiria.

*Kupima yote (1 Thes 5:21).* Mtume anatuagiza tupime kila kitu, tushike lililo jema. Kuchoma kila kitu si kupima. Kubeba kila kitu pia si kupima.

*Mafundisho ya Kanisa.* Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati yake ya Liturujia ya mwaka 1963, namba 37, unasema Kanisa halitaki kulazimisha namna moja katika mambo yasiyogusa imani. Yaliyo mema katika desturi za watu, yasiyofungamana na ushirikina na makosa, Kanisa linayathamini na kuyatunza. Mwaka 1969 Papa Paulo VI akiwa Kampala aliwaambia maaskofu wa Afrika kwamba wanaweza, tena wanapaswa, kuwa na Ukristo wa Kiafrika. Upande wa pili Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116 na 2117, inakataa wazi uaguzi na uchawi wa kila namna, hata ule wa kutafuta afya, na inakataa hirizi.

Kwa hiyo pima kwa maswali matatu:

1. Jambo hili linamtukuza nani?
2. Nguvu yake naitegemea kutoka wapi?
3. Linanijenga mimi na jirani yangu, au linatutia hofu na uadui?

Ngoma ya kitemi mbele ya Ekaristi inapita. Bugobogobo, yaani kuimba na kucheza kazi ya mikono yetu, inapita. Dawa ya kumshinda mwenzako haipiti, hata ukiiita utamaduni.

Na hapa ndipo nilipomwelewa somo wetu. Karoli Lwanga alikuwa kiongozi wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga. Hakuacha kuwa Muganda alipobatizwa. Hakukimbia ikulu wala hakumtukana mfalme wake. Alimtumikia katika yote yaliyo halali, na alipodaiwa dhambi, yeye na wenzake, akakataa. Tarehe 3 Juni 1886 akachomwa moto Namugongo. Alijua nini ashike na nini aachie, na kwa kile alichoshika alilipa kwa uhai wake. Tulikuwa tunamsherehekea kwa pilau, na somo lake hatukuwahi kulisoma.

6. Babu anajibu

Niliporudi Nassa nilikwenda moja kwa moja kwa babu. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu kibovu, "Mwadila, babu." Akacheka mpaka akakohoa. Nikakaa chini, nikamuuliza swali la watoto wa Yoshua: "Babu, lile jembe maana yake nini?"

Alinyamaza kidogo. Kisha akalivuta mwenyewe kutoka chini ya kitanda.

Kumbe babu alikuwa mchezaji wa bugobogobo. Hakuwa mganga, hakuwa mchawi. Alikuwa kijana mwenye mikono mepesi aliyependa kuimba. Walikuwa wakilima kwa zamu mashamba ya wenzao huku wakiimba, na msimu wa mavuno wakienda kushindana. Alipotaka kubatizwa, mwalimu mmoja wa dini wa wakati ule alimwambia achague: ngoma au Ubatizo. Akachagua Ubatizo. Njuga, mavazi ya ngoma, vyote vikachomwa mbele ya watu. Jembe lilibaki kwa sababu alisema ni la kulimia. Lakini hakulilimia hata siku moja.

Nikamuuliza, "Ulikasirika, babu?"

Akasema, "Mjukuu wangu, kulikuwa na dawa. Tulipakwa. Nilikuwa siwezi kulala nikiwaza kundi lile jingine wametutupia nini. Mtoto akiumwa, nawaza ni wao. Nilipobatizwa nililala. Hofu ile sijaitamani tena hata siku moja." Akapitisha kiganja kwenye mpini. "Nyimbo ndizo nilizozililia."

Ndugu zangu, nimesoma hati za Kanisa, nimehudhuria semina, lakini sijawahi kusikia mtu akipambanua kwa ufupi hivyo. Mzee asiyejua kusoma alikuwa ameshatenganisha vile viwili miaka mingi iliyopita, peke yake, kimya kimya. Hakuna aliyekuja kumuuliza. Hata mimi niliyekula naye ugali kila siku.

Simlaumu yule mwalimu wa dini. Huenda aliona hofu ya watu, akataka kuikata kutoka kwenye shina. Ila pamoja na hofu zilikwenda nyimbo, na pamoja na nyimbo lilikwenda swali la mjukuu.

Mwaka huu tarehe 3 Juni tulimwomba paroko, naye akakubali, kwamba kabla ya Misa wazee wawili watusimulie maisha ya vijana wa zamani wa Nassa. Tulisoma pia maisha ya Karoli Lwanga kwa sauti. Wakati wa vipaji tulipeleka mkate na divai, pamba, mahindi, na jembe la babu. Mimi ndiye niliyelibeba. Babu hakucheza. Alisema magoti yamekataa, na sidhani ni magoti tu. Kuna mama mmoja aliyekunja uso alipoliona lile jembe, na nadhani anahitaji muda, kama mimi nilivyohitaji. Lakini jioni yake babu alinifundisha wimbo mmoja wa kulimia. Bado nakosea mstari wa pili.

Na pilau tulikula, msiwe na wasiwasi.

Maswali ya kutafakari (binafsi au kikundini)

1. Somo wa parokia, kigango au kikundi chako ni nani? Unaweza kusimulia maisha yake kwa dakika tatu bila kusoma?
2. Kuna jambo gani la kwenu unalolionea aibu? Lipitishe kwenye yale maswali matatu. Linapita au halipiti?
3. Kuna jambo gani unaloliita utamaduni lakini kwa kweli unaishi nalo kwa hofu? Je, uko tayari kulileta kwenye Sakramenti ya Kitubio?
4. Je, umewahi kumhukumu mzee wa nyumbani kwa minong'ono tu?

Zoezi la wiki hii

Nenda kwa mzee mmoja wa familia au wa mtaani. Msalimie kwa lugha yake. Mwombe akuonyeshe kitu kimoja cha zamani alichokitunza, umuulize maana yake, kisha usikilize bila kumkatiza. Kama ni wa dhehebu jingine, vilevile msikilize. Sisi wa Nassa tunajua kwamba habari za Kristo kwetu zilihubiriwa mapema na wamisionari wa Kianglikana, na mwaka 1909 kituo chao kikachukuliwa na wale wa Africa Inland Mission, chimbuko la majirani zetu wa AIC. Nao wana mawe yao ya kutuonyesha.

Sala

Ee Bwana Yesu, uliyekaa kati yetu katika Sakramenti ya Mwili na Damu yako, asante kwa wazee waliotutangulia. Utusamehe tulipowahukumu bila kuwauliza. Tupe jicho la kuona lililo jema, na moyo wa kuliacha lililo baya hata likitugharimu, kama somo wetu Karoli Lwanga. Uondoe hofu nyumbani mwetu, uturudishie nyimbo. Uishiye na kutawala daima na milele. Amina.

Mt. Karoli Lwanga na wenzake, mtuombee.

Tumsifu Yesu Kristo!